Chuma cha Njuguna

Tulimzika Njuguna mwaka jana huko Kimbo, kwenye kipande cha shamba kilichobaki katikati ya nyumba za kupangisha. Watu walikuwa wengi, wajukuu wake wamevaa fulana zenye picha yake, na mhubiri akasema zaidi ya mara moja kwamba marehemu alikuwa mtu mpole aliyependa kutembea asubuhi. Mimi nilikuwa nimepewa kiti cha mbele pamoja na wazee, blanketi magotini, na kila neno "marehemu" lilipotamkwa nilihisi baridi ikinipanda mgongoni. Si kwa sababu ya huzuni tu. Ni kwamba nilikuwa nimezoea kumwita marehemu zamani sana, kabla hata sijamwona. Kwa sehemu kubwa ya mwaka mmoja wa ujana wangu, Njuguna alikuwa kwangu mtu aliyekufa. Nililala kwenye kitanda chake, nikanyanyua chuma chake, nikaumwa pale alipoumwa yeye. Kisha asubuhi moja akanishika mkono.

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni. Nilikuwa nimekuja kufanya kazi kwenye shamba la mkonge nje ya Thika, na Wakamba tulikuwa tunaandikwa kwa wingi siku hizo, maana Wakikuyu wengi walikuwa wamepelekwa kwenye kambi za kizuizini au wamehamishiwa kwenye vijiji vipya vyenye mitaro. Nilipewa chumba mwisho wa laini, ile safu ya vyumba vya wafanyakazi. Kilikuwa na ukuta wa mawe, bati juu, dirisha dogo kama la kuchungulia, na kitanda cha kamba za katani kilichobonyea katikati, kana kwamba aliyelala pale alikuwa ameinuka sasa hivi. Chini ya kitanda kulikuwa na ekseli ya toroli, ile mikokoteni ya reli iliyoleta majani ya mkonge kiwandani, na magurudumu yake ya chuma yamechomekwa huku na huku. Mtu alikuwa ameizungushia kitambaa katikati, mahali pa kushika, na kitambaa kilikuwa cheusi kwa jasho. Karani aliyenionyesha chumba hakuvuka kizingiti. "Hiyo chuma wacha tu hapo," alisema. "Usisumbue." Nilidhani ananionea huruma kwa uzito wake.

Chumba kilichofuata kilikuwa cha Baba Wambui, mnyapara wa mashine ya kukwangua mkonge, na mkewe. Ukuta kati yetu haukufika kwenye bati, kwa hiyo maisha yao yote yalipita juu yake na kuniangukia: moshi wa jiko, harufu ya vitunguu, kikohozi cha Baba Wambui, maneno ya Kikuyu ambayo polepole nilianza kuyaelewa. Walikuwa watu wema kwangu. Sijui nitalisemaje hilo bila kuonekana nalipunguza, lakini walikuwa wema. Mama Wambui aliona mtu asiye na mke akila ugali mkavu, akaanza kuniita. Nilikula kwao jioni nyingi, githeri ya mahindi na maharagwe mengi, mara nyingine viazi vilivyopondwa na majani ya malenge, huku Baba Wambui amekaa kwenye kigoda amenyoosha miguu kuelekea jikoni. Mguu wake wa kulia haukuwa na kidole cha mwisho. Toroli lilikuwa limekikata miaka ya nyuma, naye alipenda kuuotesha moto ule mguu kuliko mwingine, akisema hata kidole kisichokuwepo kinasikia baridi.

Ni hapo, nikiwa tayari nimeanza kukimbia asubuhi, nilipouliza chuma kile ni cha nani. Mama Wambui aliacha kupakua. "Ni ya Njuguna," alisema. "Alikuwa anakimbia kama wewe. Jioni anainua hiyo, asubuhi anakimbia. Mgongo ikaanza kumuuma. Halafu akaisha."

"Akaisha namna gani?"

"Chuma ndiyo ilimuua," alisema Baba Wambui, akitazama moto. "Kula, Mutua. Chakula inapoa."

Mtu mwenye akili angekiacha kile chuma mahali pake. Lakini nilikuwa kijana, na mwisho wa mwaka kulikuwa na michezo ya mashamba pale Ruiru, kwenye uwanja wa shamba moja la kahawa. Kulikuwa na mbio ndefu na kulikuwa na kunyanyua vyuma, na ilisemwa kwamba mtu atakayefanya vizuri angechukuliwa kwenye timu na kutafutiwa kazi mjini, mbali na mkonge. Mimi niliamua kushinda zote mbili. Mchana nilikuwa nabeba marobota ya katani kutoka kwenye mashine ya kufunga hadi stoo. Jioni nilikiburuta chuma cha Njuguna hadi katikati ya chumba na kukinyanyua mpaka jasho linaingia machoni. Asubuhi, king'ora kikishalia na amri ya kutotoka nje ikishaisha, nilipita getini na karatasi yangu ya ruhusa nikakimbia kando ya reli ya toroli kuelekea upande wa Ruiru.

Watu wanaoiona nchi ile leo, barabara pana na maduka mpaka Kamakis, hawawezi kuamini ilivyokuwa kimya. Mkonge ulipandwa kwa mistari iliyonyooka mpaka macho yanachoka. Mwezi wa saba ukungu ulikaa juu yake mpaka jua lipande, na ile mikonge iliyokwisha kutoa mlingoti wa maua ilisimama ndani ya ukungu mmoja mmoja, mirefu, myembamba, kama watu waliosimamishwa wakaambiwa wasubiri. Karibu na kiwanda nyuzi zilianikwa kwenye waya, eka kwa eka, nyeupe, na upepo ukipita zinajigeuza kama nywele za vikongwe. Kando ya reli kulikuwa na mahali palipokuwa na nyumba za watu kabla ya kuhamishwa. Mafiga yalikuwa bado yapo. Migomba ilikuwa ikizaa bila mwenyewe. Nilipopita pale nilikuwa naongeza mwendo, na ninaamini kila mtu aliongeza.

Maumivu yalianza pale pale, karibu na hayo mafiga. Siyo ghafla. Kwanza ilikuwa kama kamba fupi iliyofungwa mgongoni chini, juu kidogo ya makalio, inayokataa kunyooka. Baada ya siku kadhaa ikawa kigingi. Nikikimbia kinapigwa ndani kila hatua. Nikiinama kuokota sufuria nabaki hapo nimepinda, nashika ukuta. Nikapata wazo la kijinga ambalo vijana wengi bado wanalo, kwamba maumivu ni udhaifu na dawa ya udhaifu ni uzito zaidi. Nikaongeza mawe kwenye ekseli kwa kuyafunga na kamba. Asubuhi iliyofuata nilishindwa kuvaa suruali nikiwa nimesimama. Nililala chali sakafuni nikaivuta kidogo kidogo, nikiguna, na juu ya ukuta nikamsikia Mama Wambui akisema taratibu kwa Kikuyu, "Imeanza."

"Mgongo?" aliuliza mumewe.

"Mgongo. Pale pale kama yule."

Kisha nikasikia kikohozi. Nimelazwa hospitali mara nyingi tangu wakati huo, nimesikia madaktari wakinong'ona nyuma ya pazia, lakini hakuna nililosikia lililoniogopesha kama maneno hayo mawili matatu kutoka kwa watu waliokuwa wakinilisha.

Nilikwenda zahanati ya shamba. Mganga pale alikuwa mtu makini. Alinikunja miguu, akanigonga magoti, akaniuliza kama nasikia ganzi miguuni au nashindwa kukojoa. Nikasema hapana. "Basi siyo mfupa, ni misuli imechoka na imekasirika," akasema. "Punguza mzigo. Usilale kitandani kutwa, utakauka. Tembea. Ganzi ikianza, rudi hapa siku hiyo hiyo." Akanipa dawa ya kuchua iliyonukia kafuri. Nilimsikiliza nusu. Nilitembea, lakini sikupunguza, maana kila jioni nikiitazama ile ekseli chini ya kitanda niliona kwamba nikiiacha nitakuwa nimekubali maneno yao.

Nyayo nilizisikia mara ya kwanza katika juma hilo. Nilikuwa nimepita mafiga, ukungu mzito, pumzi yangu ikinirudia usoni. Nyuma yangu kulikuwa na mtu anayekimbia. Hakuwa karibu. Hatua moja ya kawaida, na ya pili inaburuzwa, kama gunia linalovutwa kwenye kokoto. Niliposimama, zilisimama. Niligeuka, hakuna kitu, mistari ya mkonge tu. Nikaanza tena, nazo zikaanza. Nilijiambia ni mwangwi, lakini mwangwi hauburuzi mguu ikiwa wewe huburuzi. Siku iliyofuata zilikuwepo. Siku nyingine hazikuwepo, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu niliacha kusikiliza pumzi yangu nikawa nasikiliza kitu kisichokuwepo. Jioni moja nilimwambia Mama Wambui. Hakushangaa. Alinimwagia uji kikombeni mpaka ukafurika, akasema, "Usigeuke tena. Mtu kama huyo ukimwangalia, anajua umemjua." Baba Wambui aliinuka akatoka nje bila kumaliza kula.

Kisha ikaja asubuhi ambayo mgongo ulinifunga kabisa. Jana yake nilikuwa nimenyanyua kuliko siku zote. Nilikanyaga jiwe dogo karibu na reli, mwili ukageuka kidogo tu, na kile kigingi kikaingia mpaka mwisho. Nilianguka kwa magoti, halafu kwa ubavu, shavu kwenye kokoto baridi. Sikuweza kuinuka wala kujigeuza. Na nyuma yangu zikaja: hatua, mburuzo, hatua, mburuzo. Mara hii hazikusimama. Zilikuja mpaka karibu kabisa na kichwa changu, nikaona miguu miwili yenye kandambili za mpira wa gari, mmoja umeelekea ndani. Nilifumba macho nikaanza kuomba kwa sauti, kwa Kikamba, sala ya utotoni.

"Usijikaze," sauti ilisema kwa Kiswahili. "Ukijikaza itauma zaidi. Pumua chini, mpaka tumboni."

Sikufumbua macho. "Wewe ni nani?"

"Kwanza vuta magoti polepole. Lala chali. Ndiyo. Sasa weka miguu juu ya reli, magoti yapinde. Hivyo. Kaa hapo tu." Mkono ulinishika kiwiko. Ulikuwa na joto. Sijui kama msomaji anaweza kuelewa lile joto lilikuwa na maana gani kwangu. "Mimi ni Njuguna," akasema. "Wewe ndiye unalala kwa chumba yangu?"

Nikafumbua macho. Alikuwa mtu mrefu aliyekauka, nywele zimeingia mvi kabla ya wakati wake. Alikaa chini kando yangu kwa kujishusha kwa hatua, kwanza goti moja, kisha mkono, kisha mwili, kama mtu anayeteremsha mzigo wa vyombo vya udongo. Alikuwa amerudishwa kutoka kambini, akawekwa kwenye kijiji cha mtaro upande wa Ruiru, na asubuhi walifunguliwa kwenda kukata kichaka kando ya shamba letu. Hakuruhusiwa kukanyaga ndani ya shamba lenyewe. Ndiyo maana kila nilipogeuka alijitupa kati ya mistari ya mkonge. "Nilikuona siku ya kwanza," alisema. "Hiyo ilikuwa njia yangu ya kukimbia. Peke yangu siwezi tena, mguu inakataa. Lakini kukiwa na mtu mbele nasikia nyayo zake, mguu inasahau kidogo. Pole kama nilikutisha."

"Wanasema umekufa," nikamwambia. "Wanasema chuma ilikuua."

Alicheka bila sauti. "Hiyo chuma? Chuma iliniuma, ndiyo, kwa sababu nilikuwa mjinga kama wewe. Halafu nikajifunza nikapona. Hiyo chuma haikunifanya kitu." Ukungu ulikuwa unapita juu yetu ukielekea mtoni. "Kule kambini tulikuwa tunabeba mawe kwa karai, juu ya kichwa, na tunabeba tukikimbia. Ukitembea unapigwa hapa." Aliweka kiganja mgongoni pake chini. "Kukimbia na kubeba, yote pamoja, kutwa. Nilikuwa nawaza, ona, haya ni mazoezi yangu mwenyewe, wameyajua kutoka wapi?"

Kabla hatujaachana asubuhi hiyo aliniambia jinsi alivyokamatwa. Wafanyakazi wote walipangwa uwanjani, na mtu aliyevikwa gunia kutoka kichwani, lenye matundu mawili ya macho, akapitishwa mbele yao. Akitikisa kichwa mbele yako, unapandishwa lori. "Wengine walikuwa wanaangalia macho kwa yale matundu," alisema Njuguna. "Mimi niliangalia chini. Gunia haikufika chini. Nikaona miguu, nikaona mguu wa kulia hauna kidole cha mwisho."

Jioni hiyo niliitwa kula kama kawaida, na sikuweza kukataa bila kueleza. Nilikaa mahali pangu. Baba Wambui alinyoosha miguu kuelekea jikoni. Githeri ilikuwa moto na ilikuwa na chumvi ya kutosha, nami niliitafuna bila kuimeza, nikitazama ule mguu ukiota moto. Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini laini nzima ilikipa chuma lawama. Mambo ya gunia hayakuweza kusemwa, na mtu aliyetoweka lazima awe ametoweka kwa sababu fulani, basi wakachagua sababu isiyoweza kumsikia mtu wala kumshtaki. Nafikiri Mama Wambui mwenyewe alikuwa ameanza kuiamini.

Kuanzia siku hiyo tulikutana kwenye ukungu, mimi kwenye reli, yeye ndani ya mistari, na akanifundisha. Hakuna lililokuwa la ajabu. Siku ya kukimbia sana usiguse chuma. Siku ya chuma, tembea tu au kimbia kidogo kwenye udongo laini. Usinyanyue asubuhi mgongo ukiwa bado umekakamaa. Chuma kisogee karibu na miguu mpaka kikwaruze ngozi, makalio yashuke, kifua kikae juu, tumbo likazwe kama unayesubiri ngumi, halafu miguu ndiyo isukume. Jioni lala chali, kunja magoti, inua kiuno, kishushe polepole. Ukilala usingizi, weka fungu la katani chini ya magoti. Alinifanya nitoe mawe yote kwenye ekseli, na hata nitoe gurudumu moja moja, nianze na chuma kitupu kama mtoto. Hilo ndilo lililoniuma kuliko mgongo. "Mgongo ikiuma kidogo, endelea kidogo," alikuwa akisema. "Maumivu ikishuka mpaka mguu, simama. Wewe una ruhusa ya kusimama."

Mvua za vuli zilipokuja kigingi kilikuwa kimetoka. Mgongo ulikuwa haujapona kabisa, na sitadanganya, haujapona mpaka leo. Nimeishi nao kama mtu anayeishi na mkwe mgumu. Lakini nilivaa suruali nimesimama. Kule Ruiru niliacha kunyanyua vyuma, nikakimbia mbio tu, nikawa wa pili nyuma ya kijana mmoja wa shamba la kahawa ambaye sikuwahi kuona kisigino chake kikigusa chini. Ilitosha. Nilichukuliwa kwenye timu, nikaandikiwa kazi mjini, na nikaambiwa nihame mwanzo wa mwezi.

Jumapili kabla ya kuhama kwangu, mchana, jua kali, Njuguna aliingia getini. Alikuwa amepewa karatasi ya kumruhusu kuchukua vitu vyake. Alipita katikati ya laini akiburuza mguu, na mlango mmoja baada ya mwingine ukafungwa. Mama mmoja alimvuta mtoto wake ndani akimshika kanzu. Mwingine alimwagilia maji mahali Njuguna alipokanyaga. Walimjua, na nadhani ndiyo maana walimwogopa hivyo. Baba Wambui alikuwa amekaa nje kwenye kigoda chake, gazeti la zamani mkononi, na hakupata nafasi ya kuingia ndani.

"Wĩ mwega, Baba Wambui," Njuguna alimsalimu kwa Kikuyu.

Baba Wambui alilikunja gazeti.

Nilikwisha kuitoa ekseli mlangoni. Nikainama kushika upande mmoja, lakini Njuguna akainua kiganja. "Wewe wacha, Mutua. Wewe una mgongo." Kisha, kwa sauti ile ile ya upole, kama ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani: "Baba Wambui atanisaidia."

Mashine hazikuwa zikifanya kazi siku hiyo. Nilisikia nyuzi zikisuguana kwenye waya, mbali kule. Baba Wambui aliinuka. Alikuja kama mtu anayevutwa, akasimama upande wa pili wa chuma, na akainama kushika.

"Si hivyo," akasema Njuguna. "Utaumia. Piga magoti. Sogea karibu. Mgongo inyooke, inua kwa miguu."

Yule mnyapara akapiga magoti kwenye vumbi mbele ya mlango wake, mkewe akiwa amesimama ndani gizani, mkono mdomoni. Wakainua pamoja. Wakakiweka begani, mmoja mbele, mmoja nyuma, wakashika njia ya reli. Njuguna alikuwa nyuma. Kwa mbali, kwenye joto lile linalochezacheza juu ya kokoto, walionekana kama kiumbe kimoja kirefu chenye miguu minne, mmoja ukiburuzwa. Niliwatazama mpaka mkonge ukawafunika.

Baba Wambui alirudi jua likizama. Alikwenda bombani akaosha mikono yake iliyojaa kutu, akaiosha tena, na tena. Jioni hiyo hakuna sauti iliyopita juu ya ukuta, hata kikohozi.

Nilikaa miaka mingi kabla ya kuthubutu kumuuliza Njuguna walizungumza nini njiani. Tulikuwa wazee wote wawili, tumekaa kwake Kimbo, chai mkononi.

"Hatukuzungumza," alisema. "Yeye alisema neno moja tu. Tulipofika kwa yale mafiga aliniomba tuweke chuma chini, tupumzike."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikamwambia, bado kidogo."